Kutoka Mkomazi hadi Shengena: Nani abaki kuwa mlinzi?

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha huiona Same kama mji wa kupita. Akishaiacha Hedaru na Makanya, akishayapita mashamba ya mkonge na machimbo ya jasi, basi husimama dakika chache, abiria hujinyoosha viungo, wengine huwahi kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, kisha safari huendelea. Wengi huondoka na kumbukumbu mbili tu, upepo na vumbi. Wachache huinua macho upande wa kulia kuitazama Milima ya Upare, na wachache zaidi hujua kwamba ng'ambo ya milima hiyo imetandaa nyika ya Mkomazi, mpaka kwenye mpaka wa Kenya.

Sisi tunaoishi hapa na kuhudumu katika kamati ya msikiti tumeona ni vyema kuwaalika wasomaji wa kurasa hizi za familia wasafiri nasi, japo kwa maandishi. Ziara tunayoisimulia tuliifanya pamoja na wanafunzi wakubwa wa madrasa na baadhi ya wazazi wao. Siku ya kwanza tulishuka nyikani, siku ya pili tukapanda mlimani. Lengo lilikuwa kuwaonesha vijana wetu kwamba jambo linalotajwa katika vitabu vya shule, yaani kutoweka kwa wanyama na mimea, halipo mbali nao. Lipo mlangoni mwao, na dini yao ina neno la kusema juu yake.

Nyika ya maji machache

Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi lipo kilomita chache tu kutoka mjini Same. Jina Mkomazi husemwa kuwa limetokana na maneno mawili ya Kipare, "mko", yaani kijiko cha mti, na "mazi", yaani maji. Nchi hii ina maji ya kujaza kijiko tu. Milima huzuia mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, na bonde lililo nyuma yake hubaki na miiba, mibuyu na udongo mwekundu. Eneo hili lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 2008 likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na limepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, hivyo tembo huvuka mpaka bila kuulizwa hati.

Mnyama aliyeipa Mkomazi jina duniani ni faru mweusi. Zamani faru walikuwa wakazi wa kawaida wa nyika hii, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 majangili walikuwa wamewamaliza. Msiba huo ulikuwa wa bara zima. Mnamo mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 65,000. Miaka 25 baadaye walikuwa wamebaki chini ya 2,500.

Mwaka 1989 Serikali ilimkaribisha Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Kenya na George Adamson, ili asaidie kuihuisha Mkomazi. Lilijengwa eneo la faru lenye uzio na ulinzi wa usiku na mchana, na mwaka 1997 wakaletwa faru wanne wa kwanza kutoka hifadhi ya Addo, Afrika Kusini. Faru hao asili yao ilikuwa Afrika Mashariki, kwani wazee wao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi walirudi kwao. Mwaka 2009 walifika wengine kwa ndege kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, na mwaka 2012 wengine kutoka Port Lympne, Uingereza. Leo wamezaliana, na mgeni anayefika Mkomazi anaweza kuwaona.

Tulipowaeleza vijana habari hii, mmoja wao alisema, "Kumbe hii ni kama safina ya Nabii Nuh." Tuliona amesema kweli. Hata ilipoteremka adhabu ya gharika, Allah Subhanahu wa Taala alimwamuru Mtume wake achukue jozi ya kila kiumbe. Watu waliokanusha walizama, lakini jamii za wanyama hazikuachwa zizame. Katika hilo mna funzo kuhusu thamani ya kila jamii ya kiumbe mbele ya Aliyeiumba.

Kufa na kutoweka ni vitu viwili. Kila nafsi itaonja mauti, lakini afaye akiacha kizazi nyayo zake zinaendelea. Jamii inapotoweka, mlango wake umefungwa. Mwaka 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, alikufa Sudan, dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini. Wakabaki majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu. Wataalamu wanahangaika na maabara ili wapate japo ndama mmoja. Wanatafuta kwa gharama kubwa kitu ambacho miaka michache iliyopita kilikuwa kikitembea porini bure.

Jambia na fatwa

Pembe ya faru haina siri yoyote ndani yake. Imejengwa kwa kitu kile kile kinachojenga kucha na nywele zetu. Kwa nini basi faru waliuawa? Huwa twajibu haraka kwamba ni kwa ajili ya dawa za Asia ya Mashariki, nasi hujiona tumetoka katika lawama. Lakini uadilifu unatutaka tuseme jibu lote. Soko mojawapo kubwa la pembe hizo katika miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa Yemen, ambako pembe ilitumika kutengenezea mipini ya majambia. Fedha za mafuta zilipoenea Bara Arabu, vijana wengi wa Yemen waliofanya kazi nchi jirani waliweza kununua jambia ambalo zamani lilivaliwa na wakubwa peke yao. Bei ya pembe ikapanda, na nyika za Afrika Mashariki zikalipa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa nayo ilitoka huko huko. Mwaka 1982 Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe nchini. Marufuku ya karatasi haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mufti wa Yemen alitoa fatwa kwamba kumuua faru kwa ajili ya pembe yake ni kwenda kinyume na radhi za Mwenyezi Mungu. Mafundi nao wakahimizwa kutumia pembe za nyati wa majini na vitu vingine badala ya pembe ya faru. Hatusemi kwamba fatwa peke yake ndiyo iliyowaokoa faru, maana askari, sheria na fedha nyingi vilihitajika. Leo Afrika ina faru weusi zaidi ya 6,000, bado ni wachache, lakini wameongezeka. Tunachosema ni kwamba neno la mwanachuoni lina mahali pake katika vita hivi. Mwaka 2014 Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo lilitoa fatwa ya kuharamisha uwindaji na biashara haramu ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Msingi wa fatwa hizo upo katika Qur'ani na Sunna. Aya ya 38 ya Surat al-An'aam inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama tulivyo sisi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunasimuliwa habari ya Mtume mmoja wa kale aliyeumwa na sisimizi mmoja, akaamuru kijiji chote cha sisimizi kichomwe moto. Alilaumiwa na Mola wake kwa kuteketeza umma unaomsabihi Allah kwa sababu ya mmoja tu. Ikiwa hayo ni kwa sisimizi, tutajibu nini kwa faru?

Msitu juu ya mawingu

Siku ya pili tulichukua barabara ya Mwembe, tukaanza kupanda. Anayepanda Milima ya Pare Kusini hubadilishiwa nchi katika muda wa saa chache. Chini ni miiba na mbuzi. Katikati ni migomba, mahindi na maharage, na katika kata kama Mamba Miamba ni tangawizi iliyowapatia watu wengi ada za shule. Juu kabisa ni baridi, ukungu na miti iliyovaa kuvu na mizizi ya mimea mingine. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ndani yake kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote Upareni, takribani mita 2,460 kutoka usawa wa bahari.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Misitu yake imetengana kwa muda mrefu mno, kila mlima kama kisiwa katikati ya bahari ya nyika, na Allah ameiwekea kila mmoja viumbe vyake. Huku kwetu kuna ndege mdogo wa rangi ya kijani na manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu wamempa jina la Zosterops winifredae. Hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika misitu ya Pare Kusini. Faru akitoweka Mkomazi anaweza kuletwa kutoka Addo au Ulaya. Ndege huyu akitoweka Shengena hakuna pa kumleta kutoka.

Kuna pia mti wa kamfa, Ocotea usambarensis. Mbao yake ina harufu inayokaribiana na karafuu maiti, ile tunayoitia katika maji ya kuwaoshea wafu wetu, ingawa miti yenyewe ni tofauti. Ni mbao nzuri, haishambuliwi upesi na wadudu, na uzuri huo ndio balaa lake. Kwa miongo mingi wapasua mbao wameingia Chome usiku na misumeno ya mkono. Mti huu hukua polepole sana, na mara nyingi huchipua kutoka kwenye mizizi ya mkubwa wake kuliko kutoka kwenye mbegu. Anayeukata leo anakula cha mjukuu wake.

Yupo atakayeuliza, ndege na mti vitamfaa nini mama mwenye ndoo kichwani? Vinamfaa maji. Msitu wa juu huukamata ukungu, huushusha taratibu ardhini, na ardhi huutoa katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Wazee wetu waliyakusanya maji hayo katika ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, na wakayatunza kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyomwacha mtu nyumbani. Mpunga wa Ndungu kule bondeni hunyweshwa na mito ya milima hii hii. Msitu ukikauka, binti wa madrasa ndiye atakayekosa darasa kwa kufuata maji mbali.

Mpungi uliobaki bila mlinzi

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Katika vijiji vya Upareni, kusini hadi Usangi na Ugweno kaskazini, mgeni huona vijisitu vidogo vya miti mikubwa vimesimama peke yake katikati ya mashamba. Hivyo ni masalia ya mpungi, misitu ya koo, mahali pa matambiko, na mshitu, misitu ya jando walimofundwa vijana. Humo hapakukatwa mti wala kuokotwa ukuni ovyo. Aliyethubutu aliogopa mizimu ingemfuata yeye na watoto wake. Kwa hofu hiyo miti ya asili, dawa, ndege na chemchemi vilisalimika mamia ya miaka.

Kisha dini zikaenea milimani. Uislamu ulikuja na tauhidi, ukawafundisha watu kwamba mzimu haudhuru wala haunufaishi, na kwamba anayestahiki kuogopwa ni Allah peke yake. Hilo lilikuwa neema, nasi hatutaki kurudi nyuma hata hatua moja. Lakini yalipoondoka matambiko, katika sehemu nyingi shoka liliingia. Mtu aliambiwa, kwa haki kabisa, kwamba hakuna mzimu katika mti ule. Hakuambiwa kwa nguvu ile ile kwamba mti wenyewe unamsabihi Mola wake, na kwamba yeye ataulizwa juu yake. Mlinzi wa zamani aliondolewa kazini, na mlinzi mpya hakupangiwa zamu.

Wako ndugu wanaohofia kwamba kuzungumzia mpungi ni kufufua ushirikina. Tunaiheshimu hofu yao. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) aliiharamisha Madina kwa namna ambayo miti yake haikatwi na mawindo yake hayafukuzwi, na hapakuwa na mzimu ndani yake. Aliweka pia himaa ya Naqii, malisho yaliyotengwa kwa maslahi ya umma. Kutenga ardhi ikabaki salama ni Sunna kabla ya kuwa sheria ya Serikali. Huko Pemba, kisiwani Misali, tangu miaka ya mwisho ya 1990 wavuvi na masheikh walikaa pamoja kuyasoma mafundisho haya ili kuhifadhi matumbawe na kasa, baada ya kuonekana kwamba amri za ofisini hazikuwa zikisikilizwa. Mzee wa ukoo wetu aliyesema "usikate" alikuwa na neno sahihi na sababu isiyo sahihi. Wajibu wetu ni kulibakisha neno na kuisahihisha sababu.

Wengine husema, Allah ameviumba, Yeye atavilinda. Hawa tunawakumbusha yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali.

Himaa na haki ya mnyonge

Lakini tusiwe na uadilifu wa upande mmoja. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi na kulisha ndani ya Mkomazi, Wamasai, Waparakuyo na wengineo, waliondolewa. Shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Rufani, na haki waliyoitaka, ya kurudi, hawakuipata. Hadi leo mkulima wa Kisiwani au Maore anaweza kuamka alfajiri akakuta tembo wamemaliza mahindi ya mwaka mzima. Kifuta jasho kipo kisheria, lakini njaa haisubiri.

Bukhari amepokea kwamba Sayyidna Umar (r.a.), alipomweka mtu wa kusimamia himaa, alimuusia awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mkali kwa mifugo ya matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu aliyoitoa ni kwamba tajiri akipoteza mifugo ana mitende na mashamba ya kurudia, ama masikini atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa. Hii ndiyo himaa ya Kiislamu, inamlinda kiumbe bila kumsahau mnyonge. Anayetaka faru waishi milele Mkomazi, na amtazame pia mjane aliyelala na njaa kando ya uzio.

Nasi tulijaribiwa. Tulipokuwa tukiezeka upya jengo la madrasa, mfanyabiashara mmoja alituletea mbao kwa bei inayokaribia nusu ya bei ya soko. Hazikuwa zimegongwa nyundo ya Serikali wala hazikuwa na hati ya kusafirishia, na harufu yake ilitosha kusema zimetoka wapi. Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja alisema fedha za sadaka ni amana, haifai kuzitumia ovyo wakati mbao rahisi zipo. Mwingine akauliza, "Watoto watahifadhi Qur'ani chini ya paa la wizi?" Mbao zilirudishwa. Mvua za vuli zilitukuta hatujamaliza, watoto wakasoma barazani miezi kadhaa, na wazazi wengine walinung'unika. Paa la leo ni la mbao za kupandwa, zenye stakabadhi.

Kwa hiyo tunazipendekezea kamati na familia mambo manne. Kwanza, msikiti wowote usinunue mbao bila kuuliza zimetoka wapi. Pili, kila madrasa iwe na kitalu cha miche ya asili, na chemchemi zisizungukwe na mikaratusi inayokunywa maji mengi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuupanda mche ulio mkononi hata kama Kiyama kinasimama. Tatu, wenye vijisitu vya koo wafikirie kuviweka wakfu kwa kufuata sheria za ardhi, ili vibaki kwa maji na kivuli cha vizazi, bila tambiko na bila shoka. Nne, akina mama wasaidiwe kupata majiko yanayotumia kuni chache, kwani huwezi kumkataza mtu ukuni usipomwonesha atapikia nini.

Wanafunzi wetu waliporudi waliulizwa na mwalimu wao, ni nani mlinzi wa Shengena. Wengine walitaja askari wa misitu, wengine wakataja Serikali. Binti mmoja akajibu kwamba ni kila anayeamini kuwa ataulizwa. Tunamuomba Allah atujaalie tuwe miongoni mwa watakaokuwa na jibu siku hiyo, awahifadhi viumbe wake, na atunyweshee milima yetu mvua ya rehema. Amin.